Paskali na Pikipiki ya Sista

Habari hii nilisimuliwa na Paskali mwenyewe, mwaka jana mwezi wa saba, siku alipokuja kunisaidia kupiga alizeti. Alipiga huku anacheka, kisha akaacha kucheka, kisha akacheka tena. Nami naiandika kama alivyoisema, ili wewe unayetaka kununua pikipiki iliyotumika usome kwanza, ununue baadaye.

Paskali Mughwai ni mtu wa Mungaa. Analima alizeti na anafanya biashara ya kuku. Ananunua kuku wa kienyeji vijijini, anawapeleka Ikungi kuwauza. Wakati huo alikuwa anatumia baiskeli. Mara tatu kwa wiki alifunga matenga mawili nyuma ya baiskeli, akaondoka alfajiri. Hata hivyo jua lilimkuta njiani. Kuku wengine walifika wamelegea shingo, na kuku aliyelegea shingo hana mnunuzi.

Lakini Paskali hakuwa na manung'uniko. Alikuwa mtoto wa kwanza, na mama yake mzazi, Magdalena, alikuwa anaishi kwake. Mama huyo kila akitaka jambo alisema neno moja tu.

"Mlango umelegea. Niitieni Paskali."

"Nataka kwenda Ihanja kumwona dada yangu. Niitieni Paskali anitafutie usafiri."

Kuitwa huko kulimshibisha Paskali kuliko ugali.

Basi, mwaka huo baada ya mavuno, mdogo wake Simoni akarudi kutoka Singida mjini. Alikuwa anafanya kazi huko kwenye mashine ya kukamua alizeti. Alirudi amepanda pikipiki kubwa, nyekundu, inayong'aa. Sauti yake ilifika kabla yake. Kuku waliruka, watoto wakakimbilia barabarani, na Mama Magdalena akatoka jikoni na mwiko mkononi, akapiga kigelegele.

Paskali alikuwa amechuchumaa anaziba pancha. Gundi ilikuwa imemganda vidoleni.

"Shikamoo kaka," alisema Simoni.

"Marahaba. Naona umepata chombo."

"Aa, kidogo kidogo tu, kaka."

Neno hilo, kidogo kidogo, lilimchoma Paskali. Kama Simoni angejisifu, angemdharau. Lakini mtu akinyenyekea juu ya kitu kikubwa kuliko chako, utamfanya nini?

Simoni alijenga chumba palepale jirani na kaka yake. Jumapili ya kwanza, Mama Magdalena alivaa kitenge kipya cha kanisani. Paskali akasogea na baiskeli yake, kama kawaida.

"Pumzika leo, mwanangu," alisema mama. "Simoni atanipeleka."

Watu wawili walimshika mikono, wakamnyanyua mpaka juu ya kiti. Alifumba macho. Pikipiki ikanguruma, ikaondoka. Paskali alibaki amesimama kwenye vumbi, na vumbi lile lilimwingia kinywani, akalimeza.

Tangu siku hiyo hakupata raha. Akisikia mlio wa pikipiki, aliacha anachofanya mpaka upotee. Akila, aliuliza, "Simoni amepita mara ngapi leo?" Mkewe Raheli alijibu, "Sijui, mimi si mlinzi wa barabara." Hata mama alipoomba kusogezewa kigoda, akasema "Simoni, nisogezee," Paskali alikihamisha kigoda kabla mdogo wake hajainuka.

"Baba Luciana," alisema Raheli siku moja, wakiwa wanachambua mbegu. "Huo ni wivu."

"Wivu wa nini? Ile si pikipiki. Ile ni kelele yenye magurudumu."

"Ndiyo maana unaisikiliza usiku na mchana?"

Paskali akachota mbegu nyingine. Baadaye akasema, "Nitanunua yangu. Na itakuwa kubwa kuliko ile."

Raheli hakucheka. Walikuwa na ng'ombe wanne. Wawili walikuwa madume wenye nguvu, wanaovuta jembe. Hakukuwa na njia nyingine ya kupata fedha.

"Pikipiki tunaihitaji," alisema Raheli. "Kuku wanakufa njiani, sikatai. Wapeleke madume mnadani. Wale wadogo tutawafundisha jembe. Lakini nisikilize vizuri. Tukiuza madume halafu ukaniletea chuma kibovu, mwaka ujao hatuna jembe na hatuna biashara. Mimi nitalima kwa mkono, na watoto watalala njaa. Usininunulie hasira zako."

"Nimesikia, Mama Luciana."

Alisikia kwa masikio. Moyoni alikuwa anasikiliza pikipiki ya Simoni.

Siku ya mnada aliuza madume wote wawili kwa bei nzuri, maana Paskali anajua ng'ombe. Siku hiyohiyo akaenda Ikungi kwa dalali mmoja aitwaye Antipasi. Antipasi alikuwa mtu wa maneno laini na meno mengi.

"Karibu bosi! Unataka pikipiki ya mtoto au ya mwanaume?"

"Ya mwanaume. Kubwa kuliko ile nyekundu ya mdogo wangu."

"Basi njoo uone simba."

Ilikuwa nyeusi, pana, imepakwa mafuta mpaka unajiona uso. Antipasi akaiwasha. Ikaitikia mara moja, ikanguruma hata vikombe vya mama ntilie wa jirani vikatetemeka. Paskali akaizunguka kama anavyozunguka ng'ombe. Akaipiga kofi kwenye kiti. Akatazama tairi kama anatazama kwato. Akajiona anapita mbele ya chumba cha Simoni, polepole, bila haraka.

"Kesho nakuja na fedha," alisema.

"Kesho saa nne, bosi. Kabla ya hapo nina shughuli."

Sasa, kwetu mtu hanunui ng'ombe peke yake. Huenda na shahidi anayejua mifugo. Paskali aliona na pikipiki iwe hivyohivyo. Akapita kwa mzee Edward. Mzee huyu alikuwa bwana mifugo wa serikali, sasa amestaafu. Miaka thelathini alizunguka vijiji akichanja ng'ombe, kote huko kwa pikipiki ndogo, na alizitengeneza mwenyewe porini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Paskali. Mbona uso unang'aa hivyo? Umepaka mafuta ya alizeti?"

"Nimepata pikipiki, mzee. Nataka uwe shahidi. Ni kubwa! Ya Simoni itaonekana mbuzi."

Mzee Edward akamkaribisha kigoda. "Hebu niambie kwanza. Utakwenda nayo wapi?"

"Ikungi mara tatu kwa wiki. Siku nyingine vijijini kutafuta kuku. Na Ihanja, kumpeleka mama."

"Utabeba nini?"

"Matenga mawili. Au mama."

"Kuku wana uzito gani? Utamfukuza nani barabarani?"

Paskali akakuna kichwa.

"Sikiliza," alisema mzee. "Injini ya pikipiki ni kama tumbo. Kuna tumbo dogo na tumbo kubwa. Wenyewe wanalipima kwa kitu kinaitwa cc. Cc mia moja, mia na kumi, mia na ishirini na tano, hizo ni ndogo. Zinakula mafuta kidogo, na kwa safari zako zinatosha. Cc mia mbili ina nguvu zaidi, lakini inakula zaidi kila siku, hata kama umebeba jogoo mmoja. Wewe ungenunua madume sita kuvuta jembe moja?"

"Hapana."

"Haya. Ulipoiona, injini ilikuwa ya moto au ya baridi?"

Paskali akafikiri. Akakumbuka joto lililompiga mguuni alipoinama. "Ya moto. Iliwaka mara moja tu."

"Na akakwambia uje kesho saa nne, si mapema?"

"Umejuaje, mzee?"

"Mnadani, ukiona ng'ombe mwembamba miguu na tumbo limejaa kama ngoma, unasemaje?"

"Amelishwa chumvi usiku, akanyweshwa maji mengi asubuhi, ili aonekane amenona." Paskali alisema hivyo haraka, kama mtoto darasani. Kisha akainuka ghafla.

"Pikipiki nayo hunyweshwa chumvi," alisema mzee Edward. "Injini mbovu husumbua kuwaka ikiwa ya baridi. Ikishapashwa moto, inaficha ugonjwa. Kesho tutafika saa moja. Na yale macho yako ya kuchagulia ng'ombe, njoo nayo."

Asubuhi walimkuta Antipasi anapiga mswaki.

"Aa, bosi! Mbona mapema? Hata kuku wako hawajaamka."

"Tumekuja kumwona simba akiwa amelala," alisema mzee Edward. Akaweka kiganja kwenye injini. Baridi. "Washa, mwanangu."

Antipasi akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Akapiga mpaka povu la mswaki likamtiririka kidevuni. Mara ya kumi na kitu ikakohoa, ikatoa moshi wa rangi ya bluu.

"Moshi huo ni oili inaungua," mzee alimwambia Paskali. "Ndani pamelika. Kuna kufungua injini hapo." Akachuchumaa. Akaivuta cheni, ikaning'inia kama kamba ya nguo. Akaonyesha meno yanayozungusha cheni, yamechongoka kama meno ya mbwa. Akatazama chini ya kiti, akakuta chuma kimeungwa kwa kuchomelea, juu yake rangi mpya. "Hii ilianguka vibaya."

"Mzee, vitu vidogo hivyo!" alisema Antipasi. "Nani asiyeanguka? Hata mimi nimeanguka, na bado nakula."

"Lete kadi yake."

Kadi ikaja. Jina lilikuwa la mtu mwingine, wala si Antipasi. Mzee akamwambia Paskali asome namba iliyo kwenye kadi, yeye akitafuta namba iliyogongwa kwenye chuma cha pikipiki, karibu na usukani. Paskali alisoma. Pale kwenye chuma palikuwa pamesuguliwa kwa tupa, na tarakimu mbili za mwisho hazikuwa zile za kwenye kadi.

"Paskali, ng'ombe mwenye alama iliyochomwa juu ya alama nyingine, utamnunua?"

"Huyo ni wa wizi, mzee."

"Umesema wewe."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeondoka. Lakini Antipasi alijua kusoma uso wa mtu. Akasogea, akasema kwa sauti ya chini:

"Bosi, nikwambie kitu. Mdogo wako, yule mwenye nyekundu, alikuja hapa kuiulizia hii. Nikamwambia, hii hutaiweza. Nenda kachukue ile nyekundu."

Jamani! Moshi wa bluu Paskali akauona mweupe. Namba zikamtoka kichwani. Mkono wake ukaingia mfukoni, ukashika zile fedha za madume wawili.

Mzee Edward hakumzuia. Alisema tu, "Kabla hujatoa, niambie unamnunulia nani. Kuku, mama yako, au Simoni?"

Paskali alisimama hivyo, mkono mfukoni, kwa muda mrefu. Mama ntilie alimwaga maji, akafagia, akapanga vikombe, na yeye bado amesimama. Kisha akautoa mkono mtupu, akaupangusa kwenye suruali.

"Twende, mzee."

"Bosi! Bosi, tuzungumze!" aliita Antipasi. Hawakugeuka.

Njiani mzee Edward akasema, "Ipo moja naijua. Lakini utaikataa."

"Kwa nini niikatae?"

"Ni ya Sista Anastazia."

Sista huyo alikuwa muuguzi katika zahanati ya masista. Alikuwa na pikipiki ndogo ya cc mia na kumi, rangi ya samawati, ya chini, yenye kikapu mbele. Gia zake unakanyaga kwa mguu tu, klachi ya mkono haina. Kila mtu aliifahamu, maana Sista alipita nayo kanzu ikipepea, akiwaita watoto wa chanjo.

"Mzee Edward!" Paskali alishika kichwa. "Mimi nipande pikipiki ya sista? Simoni apite na ile nyekundu, mimi nikija nyuma na kikapu? Watasema nimeingia utawa!"

"Kikapu kinafunguka. Ni skrubu nne."

Hata hivyo walikwenda. Ilikuwa imeegeshwa bandani, imefunikwa kwa shuka kuukuu. Ukutani, kwa chaki, palikuwa na tarehe nyingi. Kila alipobadilisha oili, Sista aliandika tarehe. Mzee Edward alizitazama tarehe zile kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama pikipiki.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba. Mmekuja asubuhi, mmefanya vizuri. Tumepewa gari sasa, na magoti yangu yamechoka. Iwasheni wenyewe, mimi sitaigusa."

Paskali akapiga kiki mara mbili. Ikawaka. Sauti yake ilikuwa kama cherehani. Moshi haukuonekana. Cheni ilikaa vizuri, breki zilishika, oili ilikuwa safi. Namba ya injini na ya chuma zilifanana na kadi, na jina kwenye kadi lilikuwa la mwenye mali. Mzee akamwita na fundi wa pale jirani aitazame, maana macho manne hayaoni sawa na sita. Fundi akasema vipuri vyake vinapatikana Singida mjini, tena kwa bei ya kawaida.

"Ya kubadilisha ni tairi ya nyuma tu," alisema fundi. "Hii imekwisha. Mpunguzie bei ya tairi hiyo, Sista."

"Nimepunguza," alisema Sista.

Mzee Edward akampakia Paskali nyuma, wakapanda mlima mmoja wa jirani wenye mawe makubwa. Pikipiki ilipanda polepole, lakini ilipanda. Paskali alishuka amenuna. Alikuwa amekosa cha kulalamikia.

Alipotaka kuondoka nayo, Sista akauliza, "Leseni unayo?"

"Sina bado, Sista, lakini ni hapa na Mungaa tu..."

"Basi itakaa hapa mpaka uipate. Nimeshona watu wengi wa hapa na Mungaa tu."

Wakaandikiana hati ya mauziano, wakaenda ofisi ya mapato kubadilisha jina kwenye kadi. Wiki nne Paskali alijifunza kwa mwalimu, akafanya mtihani, akapata leseni. Akakata bima. Akanunua kofia ngumu mbili, ya kwake na ya abiria. Wiki nne hizo zilikuwa ndefu, maana Simoni alikuwa anapita kila jioni na mama nyuma.

Siku alipoileta nyumbani, vijana wa kijiweni walipiga makofi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista Paskali!"

"Mama Mkuu hajambo huko?"

Simoni alitoka chumbani, akaitazama. Alibana midomo, lakini kicheko kikamtoroka puani. Paskali alitamani ardhi ipasuke. Usiku ule alikaa bandani na bisibisi, akaanza kufungua kikapu. Raheli akamshika mkono.

"Kiache. Nitawekea mayai."

Basi kikapu kikabaki, na kazi ikaanza. Fundi wa Mungaa alimfungia kerea imara nyuma, ya kubebea matenga. Paskali akafuata maneno ya mzee Edward: mwendo wa wastani, upepo wa tairi kila Jumatatu, cheni ipakwe oili, mzigo usizidi. Sasa alikuwa anafika Ikungi kabla jua halijakaza. Kuku walishuka wamesimamisha shingo, wanadonoana. Wiki ya tatu aligundua jambo. Mafuta ambayo Simoni anayamaliza kwa safari mbili, yeye anakwenda tatu na mengine yanabaki. Mwezi wa pili tayari alikuwa amenunua ndama.

Jumapili moja Mama Magdalena alitoka amevaa kitenge chake. Simoni akawasha ile nyekundu. Mama akasimama, akatazama kile kiti kilivyo juu. Kisha akaenda kwa pikipiki ya samawati, akainua mguu kidogo, akakaa mwenyewe bila kushikwa na mtu.

"Hii ndiyo inanifaa," alisema. "Ile ya Simoni nikipanda nasali rozari nzima, hata salamu za watu siitikii. Paskali, nivalishe hiyo kofia. Twende."

Paskali alimfunga mama yake mkanda wa kofia. Hakutazama nyuma. Lakini alijua Simoni amesimama, na alijua anavyojisikia. Na ule utamu, wasomaji wangu, ulikuwa mbaya sana.

Jioni ile walikula pamoja, ugali na mlenda. Mama alisifu safari mpaka akachoka. Simoni alikula kidogo. Siku hizo ile nyekundu ilikuwa inalala zaidi kuliko kutembea, kwa sababu ya mafuta.

"Kaka," alisema Simoni, anatazama sahani. "Masista waliuza ile moja tu?"

Wiki ile ile Sista Anastazia alikuwa amemwambia Paskali, Raheli akisikia, kwamba ya pili, ya mwenzake, itauzwa mwisho wa mwezi.

"Moja tu," alisema Paskali.

Simoni akaitikia kwa kichwa. Akanawa, akaaga, akaenda chumbani kwake. Mama Magdalena akasali, akalala. Watoto wakalala. Raheli akajifunika kanga.

"Umesema moja?" aliuliza gizani.

"Lala, Mama Luciana."

"Mimi nalala. Wewe utaweza?" Akageukia ukutani, na punde akawa anakoroma.

Paskali alijigeuza huku na huku. Mwishowe akainuka, akaenda kwenye dirisha linalotazama chumba cha mdogo wake.

"Simoni!"

"Naam, kaka?"

"Ipo ya pili. Usimwendee Antipasi. Jumamosi tutakwenda wote, na mzee Edward."

Simoni akacheka gizani, kicheko cha utotoni kabisa. "Ina kikapu?"

"Ina kikapu."

"Asante, kaka. Sasa hata mimi nitalala."

Paskali alisikia kitanda cha mdogo wake kikilia, kisha kikanyamaza. Akarudi, akavuta shuka upande aliobakiziwa, akalala.